Mzee Hashikwi Mkono

Nilichoka, wala sioni haya kulisema. Baba alipigwa kiharusi tukiwa kwenye kupukuchua mahindi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakakata. Hata wiki haijaisha pale hospitalini, nimonia nayo ikamvamia. Nikamfokea daktari: ugonjwa uko kichwani, mapafu yanaingiaje hapo?

Alinivumilia. Akaniambia ubongo ukipata pigo kama lile, kinga ya mwili mzima nayo hulegea, tena kwa majuma kadhaa. Kikohozi ambacho kwangu ni cha kupangusa kamasi tu, kwa baba kinaweza kuwa kifo. Nimlishe akiwa amekaa wima, na wenye mafua wasimkaribie. Safari hii amepona, akasema, ikimrudia siahidi kitu.

Nikamrudisha nyumbani. Sasa hebu kawaelezeni hayo ndugu zangu! Sumbawanga mwezi wa saba, baridi ile na vumbi la mavuno, nani hakohoi? Wakaja ndugu wa kule Muze, wakaja wanajumuiya wa kanisani, kila mmoja na chupa yake ya uji wa ulezi, kila mmoja anataka kumshika mzee mkono na kumwinamia usoni: "Unanijua mimi ni nani?" Baba hakumjibu hata mmoja. Mama mmoja akamlaza chali amnyweshe, eti anaonekana kachoka kukaa. Jamani! Nilimpokonya kikombe mbele za watu.

Nikaweka kiti mlangoni, nikakaa mwenyewe. Anayekohoa haingii. Nikaitwa mchoyo wa baba, nikaitwa msomi. Haya, sawa.

Aliyenimaliza ni shangazi, dada yake baba. Alifika kwa basi kutoka Laela, nikamsikia anakohoa kabla sijamwona. Nikasimama mlangoni na bakuli la uji wa baba mkononi.

"Kwani kaka yangu ana ukoma?"

"Shangazi, kinga yake imelala. Ukimkoholea unamzika."

Aliniangalia mpaka nikainamisha macho. Kisha akarudi nyuma hadi katikati ya ua, akapiga magoti kwenye vumbi na kuanza kupiga makofi polepole, ile salamu yetu Wafipa ambayo sisi wa mjini tumewaachia bibi zetu. Akamwamkia kaka yake kwa Kifipa, kwa sauti ya juu.

Nyuma yangu nikasikia kitu. Baba, kitini pake mle ndani, alikuwa ameinua mkono wa kushoto, anaupiga juu ya ule mwingine uliokufa mapajani. Akapiga tena. Na tena.

"Si huyo anaitika!" shangazi akasema, machozi yanamtoka. "Wewe unamwamkiaje?"

Mimi? Wiki tano nzima nilikuwa namwambia fungua mdomo, meza, geuka, kaa wima. Shikamoo sikumpa hata moja, maana nilijua hajibu.

Nikaweka bakuli chini, nikapiga magoti.