Nilimwita Mwanangu Mgeni

Kosa ni langu. Nimejaribu kumgawia baba wa mwanangu, marafiki zake wa chuo, hata wanaouza bangi na tembe sokoni Ikonge, lakini kila nikiligawa linanirudia lote. Wewe unayesoma hujui jina langu, na afadhali iwe hivyo. Ungelijua, huenda ungekumbuka kuwa uliwahi kunisikiliza nikifundisha jambo ambalo mimi mwenyewe nilishindwa kulitenda nyumbani kwangu.

Mimi ni mwalimu, na nilisomea ushauri nasaha. Kila Sabato alasiri, baada ya ibada, nilikuwa nikikutana na vijana katika ukumbi wa kanisa letu. Walikuwa vijana wa bangi, wa chang'aa, wa tembe. Vijana ambao majirani waliwakataza watoto wao kuwasalimu. Tuliketi kwa mduara. Ukutani niliandika kwa mkono wangu maneno haya: HAPA HAKUNA MGENI. Maana yake ilikuwa kwamba yeyote aingiaye ni wetu, na hatuulizi ametoka wapi.

Ee Mungu, mkono huu!

Mwanangu wa kwanza nitamwita Ombati, ingawa hilo si jina lake. Alirudi nyumbani kutoka chuoni kabla ya kumaliza masomo, akasema amechoka kidogo. Akaingia katika esaiga yake, nyumba ya kijana aliyekwisha kutahiriwa, pale chini karibu na majani chai. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile haya ya heshima kati ya mzazi na mtoto. Mama hakanyagi ndani ya esaiga ya mwanawe. Yapo mengi katika mila zetu niliyoyacheka nikiwa chuo kikuu. Hili sikulicheka. Lilinifaa.

Lilinifaa kwa sababu nilipokuwa nikichuma chai nilisikia harufu ya moshi ukipenya dirishani kwake, nami niliijua harufu ile vizuri mno. Ningeingia, ningeona. Ningeona, ningelazimika kusema. Kwa hiyo nikaendelea kuchuma.

Mama mkwe wangu aliisikia pia. Kwetu bibi hana chinsoni na mjukuu. Hutaniana, na humwita mumewe.

"Niache niende kwa mume wangu," aliniambia. "Mimi naruhusiwa. Nitaketi kitandani kwake nimuulize ni nini kinamla."

"Usiende, Mama."

"Kwa nini? Unaogopa nitakunyang'anya kijana?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Niliogopa mdomo wake. Niliogopa kwamba kabla ya jioni kilima kizima kingejua kuwa mwalimu wa vijana ana kijana wa namna hiyo. Nikamkataza kwa ukali ambao sijawahi kuutumia kwake, na baba watoto, ambaye kazi yake iko Mombasa, nikamwambia kwa simu kuwa kila kitu ni shwari.

Basi Sabato moja Ombati akaja ukumbini. Sikumwita. Alikuwa ameoga, amevaa shati lake jeupe, akaketi katika mduara kama wenzake. Zamu yake ilipofika, alisimama, akafuta viganja kwenye suruali, akaanza:

"Mimi naitwa Ombati, na nimekuja kwa sababu..."

"Mwalimu!" akadakia msichana mmoja mcheshi, Moraa. "Huyu ana pua yako! Umemtoa wapi?"

Wote wakacheka. Kilikuwa kicheko cha upendo, sasa naelewa. Lakini kwangu kilikuwa kama taa kali usoni, na kabla sijafikiri nilijisikia nikisema:

"Huyu ni mgeni tu. Amekuja kunisaidia kupanga viti."

Jamani! Maneno yale yalikuwa ukutani, juu ya kichwa changu!

Ombati alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Alikwenda kwenye kona, akachukua viti vilivyorundikwa, akavipanga kimoja kimoja nyuma ya mduara, ingawa hapakuwa na mtu wa kuvikalia. Kisha akasema, "Viti viko sawa, Mwalimu." Hakuwahi kuniita hivyo maishani mwake.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, aliniambia, "Mama, si leo uingie kwangu nikupikie chai? Kuna kitu nataka kukuonyesha."

"Unajua siwezi kuingia esaiga."

"Najua. Kwangu huwezi kuingia, na kwako mimi ni mgeni. Sasa tutapatana wapi?"

Nilimjibu kwamba tutazungumza. Hatukuzungumza.

Baada ya hapo moshi ulikoma. Muziki nao ukakoma. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, nikaamini ameacha. Mimi niliyewafundisha wazazi wengine kwamba kimya cha ghafla ni cha kuogopwa kuliko kelele! Nilikinywa kimya kile kama uji wa asubuhi.

Bibi yake hakukinywa. Siku moja mchana, bila kuniuliza, alishuka na fimbo yake hadi esaiga. Nilikuwa shambani. Nilimsikia akiliita jina la Ombati mara nyingi, kwanza kwa utani, kisha si kwa utani. Halafu akaita jina langu.

Nilikimbia. Nami nakuambia ukweli ambao sijamwambia hata mchungaji: nilipofika mlangoni, nilisimama. Niliona miguu ya Ombati kitandani, nikaona tembe zimemwagika sakafuni, na bado nilisimama nje.

"Ingia, wewe mwanamke!" mama mkwe alipiga kelele. "Chinsoni ni ya walio hai! Unataka akufe ndio uingie?"

Niliingia. Midomo ya mwanangu ilikuwa ya rangi ya majivu.

Madaktari kule Kisii walimrudisha, lakini hakurudi kwangu. Alipotoka hospitalini alikataa kuja nyumbani, akapanga chumba Magwagwa. Nikasikia kuna kikundi cha vijana kama kile changu kule, naye huhudhuria. Nikaenda. Nilimkuta amekonda, shingo imepotea ndani ya kola. Kijana aliyeongoza kikao alinipa kiti, akamuuliza Ombati kama ananijua.

Ombati alijibu kwa Kiswahili, ingawa wote pale walikuwa wakizungumza Ekegusii.

"Ni mgeni tu."

Wakanipigia makofi ya kumkaribisha mgeni, nami nikatabasamu. Ningesema nini? Huku wakipiga makofi nilikuwa nikiitazama mikono yake. Ilitetemeka mpaka soda aliyoshika ikamwagika, akaficha mikono mfukoni. Dalili zile nimezifundisha miaka mingi. Alitoka kabla ya sala ya kufunga, hakurudi. Tangu siku hiyo simu yake ni mteja hapatikani, na mwenye nyumba anasema chumba kina kufuli.

Wazazi wenzangu, ninawaomba. Kijana wako akikuonyesha aibu yake, usiitazame aibu yako kwanza. Kama mila inakuzuia mlangoni, mtafute ambaye mila inamruhusu, naye usimfunge mdomo kama nilivyofanya mimi. Na kama hayupo, vunja haya yako uingie ukingali unaweza kuomba msamaha kwa mtu anayekusikia.

Haya nayaandika nikiwa ndani ya esaiga, nimeketi kitandani pake. Bibi yake ameketi mlangoni, anatazama njia, na leo hajatania hata neno moja. Nimepika chai, ile aliyotaka kunipikia. Kikombe chake kimeanza kupoa.