Mawe ya Babu Kwenye Ukuta wa Ngome

Ilianza Jumamosi, saa nne asubuhi, mimi na koko tukipanda kilima kilicho nyuma ya boma lake, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Koko ni nyanya yangu, mama ya baba. Kila nikitoka Kitengela likizo lazima tupitie kaburi la babu, na kwetu kila anayepita huweka jiwe juu yake, ni kama kumsalimia. Rundo lilikuwa limenifika kiunoni.

Siku hiyo hakukuwa na rundo. Udongo tu, na alama za wilbaro.

Juu pale iko ngome ya mawe. Waingereza waliijenga wakipigana na Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya Namanga. Ilikuwa imebomoka, sasa mafundi wanairekebisha ndio watalii waje.

Koko akamwendea msimamizi wao. "Mawe ya mzee wangu iko wapi?"

"Mawe gani, shosho?"

"Mimi si shosho yako. Ni koko. Yale ya pale chini."

Akaangalia chini, akaangalia ukuta, akavua helmeti. "Woi, koko. Tulidhani ni ya ngome, iliporomoka. Tumeshajengea."

Yalikuwa kwenye kona ya kushoto, chokaa bado mbichi. Akasema akiambiwa ataitoa, lakini kona yote itashuka. Wote wakamngoja koko. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Nilijua napaswa kulia, babu ndiye alinifunza kukamua ng'ombe. Hakuna kitu kilikuja. Ni kama mguu umeingia ganzi, lakini mwili mzima.

Koko akagusa ukuta. "Baba ya mzee wangu alibebeshwa mawe ya hapa na askari wa Waingereza, kwa fimbo. Sasa mtoto wake pia amebebeshwa, akiwa kaburini."

Fundi mmoja akacheka, kisha akaweka mwiko chini.

"Wacheni hivyo," koko akasema. "Lakini kila mtu leo ashuke kaburini na jiwe lake."

"Hata mimi wa kuchanganya chokaa?"

"Wewe lete kubwa."

Walishuka wote, wakaweka. Mimi sikuweka. Koko hakuniuliza.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilienda peke yangu. Niliokota jiwe kwa korongo, nikaliweka juu ya yale ya mafundi. Nikamsalimia, "Babu, supa." Bado hakuna kitu kilikuja. Nikarudi nikakamua.