Pedi za Gari Linaloshuka Bombo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika gereji ya mji mdogo wa Kifaru nikiwa nimevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Gereji ilikuwa kando ya barabara kuu, na nje yake malori yalisubiri zamu yakiwa yamefunikwa vumbi. Msimamizi wa Gereji aliitikia shikamoo yangu, akaitazama mikunjo ya pasi, kisha akanielekeza kwenye gari dogo lililokwisha kuinuliwa kwa jeki. Kazi yangu ilikuwa kusafisha breki za mbele. Niliponyoosha mkono kuchukua bomba la upepo, alinishika kiwiko.

"Vumbi la breki halipulizwi," alisema. "Pedi za zamani zina asbesto, na asbesto ikishaingia kifuani haitoki. Lowesha kitambaa, ufute."

Nilimwuliza kama mafundi wote pale hufuta. Alinijibu kwamba aliyelitumia benchi lile kabla yangu alikuwa akipuliza, na ndiyo sababu benchi lilikuwa wazi. Nilifuta.

Mimi si mzee, na najua kwamba maandishi ya namna hii kwa kawaida huachwa na watu wenye mvi. Lakini katika karakana ya Same, ambako nilihamia baada ya Kifaru, kila anayeondoka huombwa awaandikie wanaokuja juu ya kazi moja anayoijua vizuri. Mimi naondoka mapema kwenda kufundisha chuoni. Nimechagua kazi ambayo wengi huiona ndogo, yaani kuchagua pedi za breki kwa gari la umri mkubwa, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha fundi anawajibika kwa nani.

Pedi ni bamba la chuma lililogandishwa tabaka gumu linaloitwa lainingi. Dereva anapokanyaga breki, kalipa, yaani koleo la breki, huzibana pedi mbili pande zote za diski inayozunguka na gurudumu, na msuguano huo ndio unaosimamisha gari. Kwa gari jipya, kulitaja jina lake dukani hutosha. Gari la zamani limepita mikononi mwa mafundi wengi. Huenda kalipa yake ilitoka kwenye gari jingine kabisa. Kwa hiyo Mkuu wa Karakana, aliyenipokea Same, alikuwa na amri moja asiyoilegeza: usiende dukani bila pedi ya zamani mkononi. Uilinganishe na mpya mgongo kwa mgongo, masikio yake yanayokaa kwenye kalipa, unene wake, na mahali pa pini.

Duka tulilolitegemea lilikuwa la Bi Zuhura, ambaye familia yake imefanya biashara kando ya barabara ile tangu enzi za babu zake. Nilipomwendea mara ya kwanza nilizigeuza pedi zake zote nikitafuta chapa. Pembeni mwa pedi nyingi kumepigwa herufi mbili. Ya kwanza inaeleza jinsi pedi inavyoshika katika joto la kawaida, na ya pili inavyoshika ikishapata moto. Kadiri herufi ilivyo mbali na A katika alfabeti, ndivyo pedi inavyoshika zaidi. Herufi ya pili ikirudi nyuma ya ile ya kwanza, karibu zaidi na A, pedi hiyo hupoteza nguvu mteremko unapokuwa mrefu.

"Wateja wengine huuliza bei," Bi Zuhura aliniambia. "Wewe unataka kujua mpaka ukoo wake."

Alicheka, kisha akanionya kwamba herufi hata mhuni anaweza kuzigonga, hivyo nisiziamini mpaka nimjue aliyeniuzia. Alinionyesha pia pedi zilizokaa rafuni miaka mingi. Zilikuwa mpya, lakini kutu ilikuwa imepenya kati ya bamba na lainingi na kuanza kuinua ukingo. Pedi kama hiyo inaweza kubanduka yote siku ya kwanza ya mvua.

Ndipo likaja gari la zahanati moja ya mlimani, upande wa Bombo. Lilikuwa gari refu la miaka mingi, lililobadilishwa injini na kupakwa rangi upya kwa brashi. Dereva wake, Mzee Elinaja, ndiye aliyewashusha wajawazito waliopewa rufaa ya hospitali ya Same. Nililifungia pedi nzuri za kati, zisizo na chuma kingi, kwa sababu pedi zenye chuma kingi huvumilia moto lakini huila diski, na diski za gari lile zilikuwa zimekwisha kuliwa vya kutosha. Niliridhika nazo.

Halikupita muda mrefu likarudi. Pedeli ilikuwa ikiupiga-piga mguu wa dereva kila alipokanyaga. Nilipofungua magurudumu nilikuta pedi zimemeguka kingo, na diski zina nyufa ndogondogo kama tope lililokauka, pamoja na madoa ya buluu. Nilimpelekea Bi Zuhura zile pedi. Alizitazama sana, akakata moja kwa msumeno mbele yangu ili nione lainingi ilivyo ndani. Ilikuwa nzima.

"Pedi hii haina kosa, mwanangu," alisema. "Imeteswa."

Nilirudi karakana nikamwambia Mkuu kwamba siwezi kuliruhusu gari lile litoke mpaka nijue kilichozitesa. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Nilijiona nasimama upande wa haki, na bado naamini nilikuwa upande huo. Lakini Mzee Elinaja alikuwa amekaa kwenye tairi karibu nasi, kofia mkononi, akisikiliza.

"Ukilizuia hapa, fundi, sisi kule hatuachi kuzaa," alisema kwa upole. "Mama atashushwa kwa bodaboda, amefungwa kanga na dereva asidondoke. Nimewaona wakishuka hivyo. Mmoja hakufika."

Kisha Mkuu wa Karakana alinigeukia.

"Usiniambie halitoki. Niambie litatoka na nini."

Huo ndio mzigo niliokabidhiwa, nanyi mtakabidhiwa wenu. Kulikuwa na hatari pande zote mbili, na kukataa peke yake hakukumwokoa mtu. Tulizichonga diski kidogo ili zipate uso ulionyooka, tukafunga pedi mpya za aina ileile kwa muda, na Mkuu akaniagiza nipande mpaka Bombo, nishuke nimekaa kando ya dereva, nitazame kila kitu.

Tulishuka kesho yake asubuhi, gari likiwa na wanawake wachache waliopewa lifti pamoja na magunia yao ya tangawizi. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba Mzee Elinaja alishuka kwa gia ya tatu, mguu ukiwa juu ya breki karibu muda wote. Nilipomwuliza sababu, alisema gia ndogo huifanya injini ingurume, na mgonjwa aliyelala nyuma hushtuka. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akizichosha breki zake ili watu wapate utulivu.

Katikati ya mteremko, mahali kijito kinapokatiza barabara, alisimamisha gari. Magurudumu ya mbele yalikuwa yakinuka. Bila kuambiwa, mama mmoja alichukua ndoo iliyoning'inia nyuma, akachota maji, akampa. Niliona jinsi walivyolifanya jambo hilo kwa mazoea, kama mtu anavyomnawisha mgeni mikono kabla ya chakula. Mzee Elinaja aliinua ndoo juu ya gurudumu.

"Mzee, naomba usimwage," nilisema.

"Linanuka, fundi. Husikii?"

"Nasikia. Linahitaji kupumzika, sio kuoga."

Wanawake walicheka. Mmoja alisema basi tukae tumsubiri huyo mgonjwa wa fundi apoe, na akajipatia kivuli cha gunia lake. Mzee Elinaja hakucheka. Alisema tangu akiwa utingo wa malori walikuwa wakimwaga maji pale, madereva wote, na hakuna aliyewahi kukatazwa.

Nilimweleza kwamba malori yale yalikuwa na breki za ngoma, chuma kinene kinachofunika kila kitu, na hata hizo ziliumia ila zilivumilia. Diski ni sahani nyembamba iliyo wazi. Ikipata moto kisha ikamwagiwa maji ya mlimani, hujikunja na kupasuka, na pedi hupasuka nayo. Sikuwa na uhakika kama maneno yangu yalimfikia. Aliyenisaidia ni yule mama wa ndoo.

"Kama chimni ya taa," alisema. "Ikidondokewa na maji ikiwa ya moto, si inapasuka palepale?"

Mzee Elinaja aliishusha ndoo. Kisha aliyamwaga maji kwenye majani ya kando ya njia, akairudisha ndoo mahali pake, akaketi kusubiri nasi. Tulipoondoka alitia gia ya pili, injini ikanguruma, naye akawageukia abiria kuwaomba radhi kwa kelele.

Kuanzia hapo uchaguzi ulikuwa rahisi, kwa kuwa sasa nilikuwa nachagulia safari ninayoifahamu. Nilihitaji pedi ambayo herufi yake ya pili haikurudi nyuma ya ile ya kwanza, yenye chuma cha kiasi tu, na diski nyingine, kwa maana zile zilikuwa zimekwisha. Bi Zuhura aliziagiza Moshi. Nilibadilisha pia mipira inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, kwani mpira wa zamani huvimba kwa ndani na kuzuia pedi isiachie, na pedi isiyoachia hupata moto hata dereva asipokanyaga. Kisha tulilipeleka gari kwenye barabara tambarare ya kuelekea kijiji cha Kisiwani kuzizoesha pedi: kwenda mwendo wa wastani, kupunguza taratibu, kuacha zipoe, kurudia tena. Fundi anayeikwepa hatua hii anamwachia mteja kazi aliyolipwa aifanye yeye.

Masika yalipokolea, nesi wa zahanati alipiga simu. Alikuwa na mama mwenye mimba kubwa na presha iliyopanda. Walikuwa wanaanza kushuka, na simu ingepoteza mtandao mpaka wafike Maore, chini ya mlima. Alinipigia mimi kwa sababu, alisema, alitaka mtu aseme breki ni nzima kabla hajampandisha mgonjwa. Nilisema ni nzima. Nilipokata simu nilianza kukaza tena nati niliyokwisha kuikaza. Mkuu wa Karakana alinitazama, akaniambia nivue ovaroli niende nikawasubiri hospitalini, kwa sababu pale nilipo nilikuwa nawaharibia wenzangu kazi.

Nilikaa kwenye msingi wa uzio wa hospitali, mvua ikininyeshea upande mmoja. Niliyapitia yote niliyoyafunga, boliti kwa boliti, nikiomba Mungu kati ya boliti moja na nyingine. Sijui nilikaa kwa muda gani. Gari lilipotokea lilikuwa na matope mpaka madirishani, nalo lilikuja polepole, likapinda getini, likasimama mahali hasa lilipotakiwa kusimama. Nesi alifungua mlango wa nyuma. Yule mama alikuwa amelala kwenye godoro, kitenge kimemfunika mpaka kidevuni. Aliinua kichwa, uso umejaa usingizi.

"Mbona tumesimama?" aliuliza.

"Tumefika Same," nesi alimjibu.

Alipelekwa ndani. Jioni ile alijifungua salama, yeye na mtoto. Mzee Elinaja alinipa habari hiyo kwa kunishika mkono na kuutikisa bila kuuachia. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimelowa, nikahisi njaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nikala mkate mzima.

Nawaachia haya, basi. Someni chapa, pimeni unene, mkatae kutu. Lakini kabla ya yote ulizeni gari linapita wapi, linambeba nani, na dereva wake anafanya nini breki zikinuka. Ulizeni kwa heshima, kwa maana mara nyingi anachokifanya kina sababu njema. Na mkimaliza, mrudi mpande nalo.

Leo, siku yangu ya mwisho, gari lile liliingia karakana kwa ukaguzi. Nilimwomba Mkuu anipe nilikague mimi, iwe kazi yangu ya kuagia. Alikataa.

"Wewe nenda zako. Gari hili lilikuwa barabarani kabla hujazaliwa."

Alikuwa amekwisha kumpa Fundi Rehema, aliyekuja kuchukua nafasi yangu. Nilimkuta amelala chini ya gari, viatu tu ndivyo vinaonekana, akimwuliza Mzee Elinaja maswali ambayo mimi sikuwahi kuyafikiria, naye mzee amechuchumaa, anamjibu moja baada ya jingine. Nilisimama nikawasikiliza, na nikahisi mzigo ukinishuka mabegani. Niliwaaga. Hawakunisikia, nami sikurudia.