Niombe Chochote

Likizo ya wiki tatu huisha kwa siku moja, na yangu iliisha Jumamosi, nyumbani kwa mama, nje kidogo ya mji wa Meru. Ndege ilikuwa ya usiku, kutoka Nairobi. Asubuhi niliteremka hadi kipande cha chini cha shamba, kile alichonionyesha baba kuwa changu nilipomaliza kidato cha nne, nikapima kwa hatua: sebule hapa, jikoni pale, tangi la maji kule juu. Mchoro wa nyumba nilikuwa nao kwenye begi. Miaka kumi na sita ya ugenini nimeivumilia kwa sababu ya kipande kile. Watu wa huko wakiniuliza kwetu ni wapi, nilikuwa nawajibu nikiiona miti yake ya kahawa.

Saa nne akaingia mtu wa gichiaro. Asiyetoka kwetu aelewe: ukoo wetu na ukoo wao walikula kiapo cha undugu zamani za mababu, na mpaka leo mtu wa gichiaro akikuomba kitu humnyimi. Humdanganyi, humkasirikii. Ukimnyima, hasara itakupata wewe au watoto wako. Wasomi na wachungaji wetu watakuambia huo ni ushirikina, halafu mtu wa gichiaro akitokea unawaona wanaficha saa zao mfukoni.

Huyu hakuwa mzee wa mkongojo. Alikuwa rika langu, mwendesha bodaboda, jaketi lake la kung'aa limechanika begani. Mama alimwekea chai na nduma kabla hajakaa vizuri. Ndugu yangu mdogo, ambaye analima pale nyumbani na kumtunza mama, alikuwa kwenye kochi akitazama simu yake.

"Nimesikia unaondoka," mgeni akasema. "Nikasema wacha nimuage ndugu yangu kabla hajawa Mzungu kabisa."

Tulicheka, lakini lile neno liliniuma. Wiki tatu nzima nilikuwa nalisikia, dukani, kanisani, hata kwa watoto wa ndugu yangu waliokuwa wananicheka kila nikikosea Kimeru. Basi nikataka kuwaonyesha. Nikasimama, kifua mbele, nikasema kwa Kimeru kilichonyooka, "Ndugu yangu, niombe. Niombe chochote."

Mjinga mimi! Hata mtoto wa chekechea wa kwetu anajua kwamba mtu wa gichiaro humwambii hivyo. Unampa kuku mapema, unamjaza chai, unamwomba Mungu aondoke akiwa ameshiba.

Alianza na viatu. Nikavivua, watu wakacheka. Akaomba koti. Nikalitoa, mimi mwenyewe nikicheka. Kisha akaweka kikombe chini na sauti yake ikabadilika.

"Naomba kile kipande cha chini umwachie ndugu yako. Na msije mkagombana juu yake."

Hakuna aliyecheka. Nilimgeukia ndugu yangu. Bado alikuwa ameinamia simu, lakini kidole hakikusogea. Nikasema moyoni, kumbe ni wewe. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kuwaambia kwamba mimi ni mtu wa maabara, nimesoma, hayo mambo ya laana wampelekee mwingine. Nikafungua mdomo. Nikawakumbuka binti zangu wawili niliowaacha huko, hasa yule mdogo mwenye pumu.

"Nimemwachia," nikasema.

Ndugu yangu akasema asante. Ati asante! Akaninyooshea mkono, nami nikaushika, maana nilikuwa nimeamriwa.

Nilitoka pale mchana nimevaa malapa ya kuazima. Nilikuwa nimekodi gari, na mama alisema atanisindikiza hadi Embu, alale kwa dada yake. Njia nzima nilimchamba ndugu yangu. Mwizi. Nyoka. Nilisema kikulacho ki nguoni mwako, nikasema na mengine ambayo mtu hafai kuyasema mbele ya mama yake. Dereva aliongeza sauti ya redio. Mama alikuwa anatazama nje tu, akisema "mm, mm."

Embu tulisimama kwenye hoteli moja karibu na barabara kuu, tukaletewa chai na chapati. Nikaanza tena.

"Amemtuma mtu wa gichiaro anipore, mama. Damu yangu mwenyewe!"

"Si yeye aliyemtuma," mama akasema. "Nilimwita mimi. Ndugu yako amesikia wakati ule ule uliosikia wewe."

Nilidhani sijamsikia vizuri. Akavunja chapati yake taratibu, akaichovya.

"Ningekuomba mimi, ungekataa. Ungeniambia mambo ya hati na mawakili. Hiyo nyumba unayotaka kujenga ni ya kulala wiki tatu, kisha ifungwe na kufuli. Baba yako ulimzika kwa simu. Mimi nataka kuzikwa na mtu aliyeshika jembe."

Ni kweli. Baba alipofariki nilinyimwa ruhusa kazini. Mazishi niliyatazama nikiwa nimejifungia chooni, na mtandao ukakatika kabla jeneza halijateremshwa. Sikuwahi kumwambia mama kwamba sikuona mwisho. Ndugu yangu alifukia kaburi mpaka viganja vikatoka malengelenge, na mimi niliyajua hayo kwa kuambiwa.

Nilimkasirikia mama pale mezani, na sitadanganya, mpaka leo namkasirikia. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sijapata mahali alipokosea.

Alifunga chapati zilizobaki kwenye karatasi, akanipa za njiani. Mlangoni alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ukija tena," akasema, "utuambie mapema, mke wa ndugu yako akutandikie kitanda cha wageni."

Nikamwambia sawa, nikaingia kwenye gari.