Herufi Iliyompotea Fundi wa Ekzosi

Jumamosi asubuhi, nyuma ya maghorofa ya Kingsview Village jijini Toronto, Hussainali Dharsi amepiga goti nyuma ya Mustang nyekundu na kuweka kiganja juu ya buti la gari, kama mzazi anayempima mtoto homa. Injini ya silinda nane inanguruma. Ndege inayotua uwanja wa Pearson inapita juu ya paa la banda lake na hakuna anayeinua macho.

"Ongeza kidogo," anamwambia mwenye gari. "Achia. Ongeza tena."

Hatua chache nyuma yake amesimama mkewe, Sughra, kikombe cha chai mkononi, mtandio ameukaza kwa sababu ya upepo wa Aprili. Yeye hagusi gari. Anasikiliza tu, kisha anakunja uso.

"Inakwaruza, Baba Alia. Huko juu inakwaruza."

Hussainali anageuka kumtazama. Uso wake unaonyesha wazi kwamba hajasikia mkwaruzo wowote. Hata hivyo habishi. Anaashiria injini izimwe, anachukua spana na kuingia chini ya gari.

Kazi yake ni kuwachagulia watu sauti. Wenye magari haya ya Kimarekani, ambayo Sughra hutania kwamba yana injini kubwa kuliko busara ya mwenye gari, hawaridhiki na ekzosi ya kiwandani. Wanataka gari liongee, na kila mmoja ana namna yake.

"Kuna anayetaka ngurumo, kuna anayetaka mlio," anasema Hussainali, mwenye umri wa miaka hamsini na minane. "Kuna anayetaka jirani ajue kwamba amerudi, na kuna ambaye jirani alishamwitia polisi. Wa kuondoa sailensa kabisa simpokei. Huyo hahitaji fundi, anahitaji wakili."

Sailensa ni lile kopo la chuma linalokaa kwenye bomba la moshi chini ya gari, na ndilo linaloamua mengi. Zipo zenye vyumba ndani, ambamo sauti hugongagonga kabla haijatoka nzito na ya kukatikakatika. Zipo za moja kwa moja, bomba lenye matundu lililozungushiwa sufi, na hizo huachia sauti itoke wazi na kali. Hata pale mabomba mawili yanapounganishwa pana siri yake: yakiungwa kwa umbo la herufi H sauti hushuka, yakiungwa kwa X hupanda.

Siku hizi wengi huchagua kwa kutazama video kwenye simu. Hussainali hataki kusikia habari hiyo.

"Simu inakudanganya. Spika yenyewe ndogo kama ukucha, itakupa besi wapi?"

Kwake, sailensa hufungwa kwanza kwa klempu, vibano vya chuma, gari likawashwa, mteja akasikiliza. Asipoipenda inafunguliwa, inafungwa nyingine. Akishakubali, ndipo fundi anapokata bomba la zamani na kuchomelea moja kwa moja.

Alizaliwa Moshi, ambako baba yake alikuwa na duka la vipuri. Ukoo ulitegemea naye akae kaunta, lakini kila akitafutwa alikutwa uwanja wa jirani kwa wachomeleaji.

"Ndugu zangu wote mashati meupe, mimi masizi mpaka masikioni," anasema. "Nilipofungua banda hili Toronto, shangazi yangu alidhani anataniwa. Khoja, mtu wa duka, awe fundi wa ekzosi!"

Kabla ya banda alipanga maboksi ghalani, kisha akaajiriwa kwenye gereji moja kubadilisha mabomba. Kilichomlisha wakati wa baridi ndicho kinachomlisha hadi leo: chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji hula mabomba ya magari ya kawaida. Theluji ikiisha, wale wenye Mustang na Challenger hutoa magari yao ghalani, na hapo ndipo jina lake lilipojengeka. Wakenya na Watanzania, kutoka Brampton hadi Scarborough, walikuwa wakiambiana, peleka kwa Hussainali, yule mzee ana masikio.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, jina hilo likaingia doa. Aliyelitia doa ndiye aliyekaa kwenye usukani asubuhi hii.

Macharia Ndirangu ni Mkenya anayekagua programu za kompyuta katika ofisi moja mjini. Gari hili alilingoja miaka.

"Kazi yangu haina sauti kabisa," anasema. "Kutwa ni kubonyeza tu. Nilitaka kitu kimoja maishani mwangu ambacho kinaongea."

Siku ile alijaribishiwa sailensa mbili. Ya pili hakuipenda. Injini ikiwa bado inanguruma, alitoa kichwa dirishani na kupaza sauti kwa fundi aliyekuwa nyuma, kwenye mabomba: "Hii sitachukua, mzee!" Hussainali akainua kidole gumba. Macharia akaacha gari ili afungiwe ile ya kwanza, akaenda kazini.

Jioni alikuta ile aliyoikataa imeshachomelewa na bomba la zamani limekatwa.

"Nikamwambia, mzee, si nilikataa? Akasema la, ulikubali, nimesikia kwa masikio yangu. Tukabishana hapo mbele ya watu hadi nikaona haya," Macharia anakumbuka. "Nikaondoka na hasira zangu."

Hasira hizo zilifika kanisani, zikafika pia kwenye kundi la WhatsApp la wenye magari. Macharia aliwaambia wenzake kwamba mzee alimbambikia mzigo uliokuwa umemlalia dukani. Wateja wa Jumamosi wakaanza kupungua.

Nyumbani, Hussainali aliapa kwamba hana kosa. Sughra alimsikiliza akitembea huku na huku jikoni, na yeye akawa na wazo jingine kichwani. Kwa muda mrefu alikuwa amechoka na televisheni inayoongezwa sauti kila siku, na mume anayejibu maswali ambayo hakuulizwa.

"Nikamwambia, nipe mgongo," anasema Sughra. "Nitasema neno, wewe urudie."

Alisimama nyuma yake na kulisema neno mara kadhaa. Hussainali akawa anajibu kila mara, bila wasiwasi: nitachukua, nitachukua, nitachukua.

"Na mimi nilikuwa nimesema sitachukua. Mara zote. Ile nyingine sikuitamka hata mara moja," anasema Sughra. "Kwanza nilicheka. Halafu nikaona mabega yake yanavyoshuka, nikaacha."

Kwenye kliniki ya masikio walimwonyesha mchoro wa mstari unaokwenda vizuri upande wa sauti nzito, kisha unaporomoka kwenye sauti nyembamba. Miaka yote ile ya kusaga chuma bila kuziba masikio ilikuwa imechukua sauti za juu. Mtaalamu alimweleza kwamba S, F na SH zinakaa huko juu. Katika lugha yetu, S moja ikidondoka na sikio likaweka N mahali pake, anayekataa anasikika kama aliyekubali.

Kilichomwumiza zaidi hakikuwa maneno. Mkwaruzo wa ekzosi mbaya, ule mlio wa bati unaokuja mguu ukikanyaga mafuta, nao unakaa huko huko juu. Akawakumbuka wateja wengine wawili watatu waliowahi kulalamika, na yeye akawaona wanadeka.

Tangu hapo alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, na yote mawili yalimchoma.

"Nikisema ukweli, nani ataniletea gari achaguliwe sauti na kiziwi? Nisiposema, mimi ni tapeli," anasema kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni kama Macharia yuko karibu. Macharia yuko nje kwenye simu. "Nikaona afadhali tapeli. Nimekuwa tapeli mwaka mzima sasa."

Alijitahidi. Anaziba masikio akisaga. Sughra, ambaye siku za kazi hupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, akaanza kuja bandani kila Jumamosi. Ana sikio kali: kwenye majlisi za wanawake yeye ndiye husoma nauha, tenzi za maombolezo, na mabinti wanaomfuatia wanajua kwamba anayepanda juu kupita kiasi atatazamwa hadi ashuke. Wateja waliambiwa kwamba mama amekuja kunyoosha miguu.

Ni Sughra huyo huyo aliyempigia simu Macharia wiki hii, akamwambia alete gari abadilishiwe bila malipo.

"Baba Alia nilimwambia gari lilipokuwa linaingia getini," anasema. "Ningemwambia mapema angefunga banda aende msikitini."

Sailensa ya pili imeshafungwa. Macharia anawasha, anakanyaga, anaachia. Sughra anainamisha kichwa upande mmoja na kusema hii ina nafuu. Macharia anazima injini. Anashuka, anamtazama fundi, anamtazama mkewe.

"Mzee, naomba nikuulize. Mbona leo mama ndiye anachagua?"

Sughra anatazama ndani ya kikombe chake. Hussainali anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe unavyohitaji.

"Macharia. Mwaka jana uliniambia sitachukua?"

"Eeh. Nilisema sitachukua, na ukanipatia kidole hivi."

"Mimi nilisikia nitachukua. Ile herufi ya mwanzo siisikii. Nimepimwa, masikio yamekwisha upande wa juu." Anakikunja kitambaa. "Sikukuibia. Lakini nilipojua, sikukwambia. Hilo ndilo kosa langu."

Macharia anageuza funguo mkononi.

"Kumbe!" anasema mwishowe. "Na vile nimekuchoma kwa watu, mzee. Kanisa nzima. Si ungeniambia tu?"

"Ningekuambia nini? Kwamba fundi wa sauti hasikii sauti?"

Macharia anaegemea gari lake. Kisha anauliza jambo la kikazi kabisa.

"Sasa ile ya chini, ile besi, unaisikia?"

"Ya chini naisikia kuliko wewe."

"Basi panda twende."

Wanaingia barabara ya 401, Macharia kwenye usukani, Hussainali kiti cha nyuma, mwandishi wa makala haya pembeni. Gari linaposhika mwendo wa barabara kuu, Hussainali anabandika kiganja kwenye kiti na kufumba macho. Muda si muda anamgusa Macharia begani.

"Hapo hapo, usiongeze. Unasikia kichwa kinavyojaa?"

Ni mvumo, sauti nzito isiyopanda wala kushuka, ambayo bandani haikuwepo. Dakika chache za kwanza inaburudisha. Baadaye mtu anatamani kufungua dirisha.

"Ukienda nayo Ottawa, utafika umeshagombana na mkeo na hujui sababu," anasema Hussainali. "Turudi."

Sailensa ya tatu ni ya vyumba, ndefu kuliko zile mbili, na mabomba ameyaunga kwa umbo la H. Inachukua muda kuifunga. Mke anasikiliza yaliyo juu, mume anagusa yaliyo chini, na hakuna tena anayejifanya kwamba mama amekuja kunyoosha miguu. Wanakwenda tena barabarani na safari hii Hussainali hasemi neno mpaka wanarudi.

"Hii inatoka kifuani," anasema Sughra.

Macharia anashuka, anazunguka hadi nyuma ya gari na kusimama uso kwa uso na fundi.

"Hii ndiyo, mzee. Choma."

Anapoondoka, mchana, anasikika mpaka kwenye taa za Dixon Road. Kabla ya hapo alisimama kando ya geti akiandika kwenye simu yake kwa muda. Hakusema anamwandikia nani.

Hussainali anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kunywa chai iliyopoa. Mwezi ujao atavaa vifaa vya kusaidia masikio, jambo alilolikwepa tangu alipopimwa. Alipojaribishwa pale kliniki, hata karatasi iliyokunjwa mezani ilisikika kwake kama sahani zinazovunjika, akavivua na kurudi nyumbani. Binti yao, Alia, ambaye huelewa kila anachoambiwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, ndiye aliyemwekea miadi mpya.

Ana mpango. Sailensa zote zilizo kwenye rafu yake atazifunga upya, moja baada ya nyingine, kwenye gari lake mwenyewe, na kuzisikiliza kama hajawahi kuzisikia.

"Najua hazitakuwa zile ninazozijua. Basi nitajifunza," anasema. "Na Mama Alia atakuwepo. Nikikosea atanitazama kama anavyowatazama wale mabinti."

Wakati wa kuagana, mwandishi anamuuliza kama angependa habari za masikio zisitajwe. Wengi watakaosoma ni wateja wake, au jamaa wa wateja wake.

Sughra anamtazama mumewe. Safari hii hamsaidii.

Hussainali anachukua kile kitambaa. Anafuta mikono, ingawa tayari ni safi.

"Andika," anasema. "Na uweke jina langu lote, wasije wakadhani ni Hussainali mwingine."