Jicho la Kushoto la Dishon

Kaka yake alipopofuka kwa presha ya macho, Dishon, mkazi wa mtaa wa Mowlem, alikataa katakata kupimwa macho. "Siumwi popote," alimwambia mkewe, Nangila. "Nitafute ugonjwa wa nini?" Hata pasta alimsihi, akashindwa.

Asubuhi moja Dishon alikuwa akimimina chai ya moto. Alikikosa kikombe, chai ikamwagikia mkono wa Nangila. Ngozi ilipobabuka, Dishon alilia kama mtoto. Siku hiyohiyo akaenda kliniki mwenyewe.

"Mzee, jicho la kushoto limeshakufa, halitarudi," daktari alisema. "Tujaribu kuokoa la kulia."

Nyumbani Nangila alimuuliza, "Wamesemaje, Baba Ayuma?"

"Wamenipa dawa ya jicho moja."

Nangila alihamisha kiti chake hadi upande wa kulia, mumewe apate kumwona.