Daftari la Kurasa Kumi na Mbili

Harufu ya karafuu mbichi inapoanza kukauka juani si tamu kama wageni wanavyodhani. Hukwaruza koo na kutia kichwa uzito. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Kiingereza. Msimu ule, miaka michache kabla ya Mapinduzi, watu wote wa nyumbani kwetu Pujini walitoka alfajiri kwenda shambani kuchuma na kurudi karibu na magharibi. Mimi niliachwa peke yangu uani niangalie majamvi yaliyoanikwa karafuu, nifukuze kuku, na nisome. Mwalimu wa skuli alinipa daftari lenye kurasa kumi na mbili za maneno, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Baada ya msimu ungefanywa mtihani Chake Chake wa kuchagua watakaokwenda sekondari Unguja. Baba alisema mara moja tu, "Ukipita, utakwenda. Ukianguka, utakaa ndani kama wenzako." Wasichana wa rika langu walikuwa wameshaanza kuwekwa ndani, na waliowekwa hawakutoka mpaka siku ya harusi. Wazee husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sikusikia aliyeuliza nani alikiweka mvunguni.

Njia ya kusoma niliyoijua ni ile ya chuoni, tulikosomeshwa Kurani. Nilikaa kitako kando ya jamvi, nikayumba mbele na nyuma, nikayasoma maneno kwa mahadhi, neno likivuta neno, kama tulivyohifadhi juzuu ya Amma. Mchana kutwa sauti niliyoisikia ilikuwa yangu mwenyewe, na kuku hawakuuliza maana. Jioni Zuhura, binti wa ami yangu, alipita na wenzake, vidole vimekuwa vyeusi kwa kuchambua karafuu.

"Ewe Salma, leo Mzungu kakujibu?"

"Bado."

"Basi kesho njoo shamba. Huko twajibizana."

Walicheka mpaka wakapotelea njiani. Walikuwa na mizaha ya kutwa nzima ambayo mimi sikuijua mwanzo wake.

Siku ya mtihani nilikabiliwa na bibi wa Kizungu mwenye rundo la picha, na pembeni yake mwalimu Mswahili nisiyemjua, mwenye kofia. Bibi alinyanyua picha ya ngazi. Jina lake la Kiingereza nililijua, lakini lilikuwa katikati ya ukurasa wa tatu, na sikuwa na njia ya kulifikia ila kuanzia juu. Nikaanza kimoyomoyo, mabega yakiyumba. Nilipolifikia na kulitamka, mkononi mwake mlikuwa tayari na picha ya ndege. Kwa hiyo ndege nikamwita ngazi, na birika nikaliita ndege. Mazoea yana tabu. Kalamu ya bibi ilikwenda na kurudi, nami niliona mlango wa chumba cha ndani ukinifungukia.

Mwalimu alikuwa akinitazama mabega. "Binti, umesoma chuo?"

"Nimesoma, Maalim. Nimehitimu."

"Hata mimi," akasema, akajizuia kucheka. Akamgeukia bibi, wakazungumza kwa muda. Picha zikarudishwa mwanzo, na safari hii kila moja ilikaa mezani mpaka nifike. Nikapita.

Zuhura aliwekwa ndani mwezi uleule. Yeye hakuna aliyempeleka kwenye mtihani. Nilipokwenda kumuaga alizungumza nami dirishani, uso wake nusu gizani. "Nitajie japo moja, na mimi niwe nalo." Nikatafuta, tangu juu ya ukurasa, nikampa. Akalirudia papo hapo, sawasawa, kuliko nilivyolisema mimi. "Jengine." Nikampa jengine, akalidaka. Tuliendelea hivyo, mimi nikichelewa na yeye akingoja, mpaka nikaitwa, gari ya kwenda bandarini Mkoani imefika.

Sasa nina shahada, na Kiingereza hunitoka bila kuyumba. Watu wakisema nimefika kwa akili na bidii, huwa sibishi, lakini siamini. Likizo iliyopita nilikwenda kwa Zuhura, ana watoto wanne. Nilitaka kumuuliza kama anayo bado hata moja ya maneno yale. Nikaona haya. Tukazungumza habari za mvua.